Mwanamume, Mtu Mzima, Jina Halijulikani

Bwaise, Kampala
9 Machi 1987

Baba Mkubwa Dawudi,

Kaa kwanza. Nakujua, barua ikifika unaisoma umesimama huku unatafuta miwani iliyo kichwani. Ukishakaa, pokea salamu zetu.

Huku tuko wazima. Mama mzima, ila miguu inamvimba. Mume wangu Ondiek amepata kazi ya kupika katika hoteli moja kule Kabalagala, anarudi nyumbani ananuka vitunguu mpaka mtoto anamgeuzia uso. Maji ya mvua yaliingia ndani tena mwezi jana, lakini tulikuwa tumepandisha godoro mezani, kwa hiyo vilivyolowa ni viatu na ile Biblia ya Mama. Sasa Biblia imevimba kuliko miguu yake. Akiiona anacheka mwenyewe.

Ndiyo, nimesema mtoto. Mwanao nimejifungua. Ni wa kiume, amezaliwa Januari, na ana kile kichwa kikubwa cha kwetu, huwezi kukikana. Nikimlaza analia, nikimbeba anacheka. Nimesahau usingizi unafananaje. Hata sasa yuko mgongoni, mstari ukipinda ujue amenivuta nywele.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja kutoka yale makumbusho yenu ya Mengo. Alikuwa ameulizia mtaa mzima kama kuna mtu wa ukoo wa Daktari Dawudi. Anasema vita vimeisha, watu wanarudi, na wewe wanakutaka uwe mkurugenzi kama zamani. Nikamwambia nitakuandikia mwenyewe, maana wewe barua za ofisi unazitumia kuwashia jiko.

Baba Mkubwa, rudi. Sikuombi kwa ajili ya makumbusho tu. Mtoto hana jina. Wa kwao Ondiek wamempa lao, lakini la kwetu halijatoka, na Mama hataki aitwe lolote kabla ya hilo. Majirani wanamwita Bwana Mdogo. Jirani yangu Perpétue, yule Mzaire wa samaki wakavu, anamwita Monsieur, na mtoto anaitika.

Jina ninalolitaka unalijua. Silitaji, kwa sababu Mama anasema jina la mtu aliye hai halipewi mtoto, na kwake yeye Baba yu hai. Tangu 1983, Baba alipotoka dukani kwake Wobulenzi katikati ya vita asionekane tena, Mama anamtengea chakula kila jioni. Anajaza sahani, anaifunika kwa nyingine, anaiweka juu ya kabati. Asubuhi anakila yeye, kimepoa.

Jina hili wa kulitoa ni wewe, kaka wa Baba, mkubwa wa nyumba yenu. Njoo umwone mtoto, halafu useme.

Binti yako,
Nafuna


Webuye
2 Mei 1987

Mama yangu Nafuna,

Nilikaa kama ulivyoniamuru. Miwani ilikuwa kichwani.

Barua yako ilizunguka Bungoma na Kitale kabla ya kunifikia, na bahasha ina alama ya kikombe cha chai cha mtu nisiyemjua. Hapa tunamshukuru Mungu. Mahindi yameota vizuri, ila nyani wa mlimani wanayatazama kama vile ni yao. Wasichana ninaowafundisha historia hapa shuleni wamefaulu, isipokuwa mmoja aliyeandika kwamba watu wa kale waliishi makumbushoni. Nilimpa alama kidogo kwa ajili ya ubunifu.

Nimefurahi mno kusikia habari ya mtoto. Mnyonyeshe kwa niaba yangu. Nawe ulale anapolala, usikimbilie kufua.

Kuhusu makumbusho, mwambie yule bwana nashukuru lakini hapana. Ulikuwa mdogo nilipoondoka Kampala, kwa hiyo nikueleze. Nilianza kazi hii nikiwa kijana wa kubeba makarai ya udongo. Mzungu mmoja alikuwa anachimba kando ya ziwa akitafuta vyungu vya watu wa kale, nami nilikuwa nimetumwa na baba yangu nitafute kazi ya kiwanda. Siku nilipokuta kigae chenye alama ya kidole cha mfinyanzi, kidole kile kile kama changu, habari ya kiwanda ikaisha. Nikasoma, nikachimba, wakanipa makumbusho niyaongoze. Baba yako alikuwa akiniambia, "Kaka, wenzako wanatafuta mali chini ya ardhi, wewe unatafuta vyungu vilivyovunjika!" Hata hivyo kila Jumamosi alikuja kunifagilia ukumbi.

Halafu ikaja habari ya fuvu. Tulikuwa tumelitoa shimoni sisi wenyewe, nami nikaliandikia kibao: Mwanamume, mtu mzima, jina halijulikani. Mkubwa mmoja wa serikali ya wakati ule akaja, akalipenda. Akasema niandike kwamba ni babu yake, mtemi mkuu. Nikamjibu siwezi kuandika nisichokijua. Akarudi mara ya pili na askari. Nikajibu vile vile. Ndivyo nilivyofika Webuye kulinda mahindi.

Baba yako ndiye aliyenipeleka mpaka mpakani Malaba. Njiani aliniambia, "Ungeandika tu jina, kaka. Kuna ubaya gani mtu kupewa jina?" Nilimkasirikia mpaka tukafika. Tulipoagana nilikuwa bado nimenuna.

Mtu hupewa kazi moja katika maisha, na yangu niliimaliza. Msalimie mama yako, Ondiek, na Bwana Mdogo.

Hilo jambo la jina, tungoje kidogo.

Wako,
Dawudi


Bwaise
20 Mei 1987

Baba Mkubwa,

Salamu nyingi, na pole kwa nyani. Sisi wazima. Mtoto ameota meno mawili, na la kwanza kalijaribu kwangu. Perpétue amenifundisha kumpaka mafuta ya mawese fizini, sasa nguo zangu zote zina rangi ya chungwa. Ondiek anasema nimeanza kufanana na mchuzi.

Unasema tungoje. Tungoje nini? Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta ni nini, sijakiona.

Jumatatu nilimbeba mtoto nikaenda Mengo kuyaona makumbusho yako. Banange! Askari waliwahi kulala mle. Ukutani kuna moshi wa majiko, makabati hayana vioo, na ndege wamejenga ndani ya ile ngoma kubwa. Bwana anayetunza pale aliona aibu, akawa anatembea mbele yangu ananifichia kwa mgongo. Lakini kwenye kona ya ndani lile fuvu lako lipo! Na kibao kipo, mwandiko wako huo huo wa kuegemea kushoto. Waliiba viti, waliiba taa, hilo hakuna aliyelitaka. Mtoto aliliangalia akacheka kwa sauti mpaka ukumbi ukaitikia. Nikamwambia, "Unamcheka mwenzako? Wewe pia ni mwanamume, jina halijulikani. Umebakiza kuwa mtu mzima tu."

Nilitania hivyo halafu nikakaa sakafuni nikalia, bambi, maskini mimi, yule bwana akaniletea maji.

Sasa na mimi nikueleze, kwa sababu inaonekana huko Webuye habari zinafika zimechoka. Kule Wobulenzi wenyeji wanaokota mifupa mashambani na vichakani. Wanaipanga juu ya meza kando ya barabara, na watu wanapita wanaangalia. Kuna kamati, wanasema mwisho wa mwaka itazikwa yote katika kaburi moja. Mimi nilikwenda, Mama hajui. Nilisimama pale na mtoto mgongoni, nikaona mafuvu yote yanafanana. Nilimtafuta Baba kama mtu anayetafuta mtu wake kituo cha mabasi, nikirukia huyu, nikirukia yule, na hakuna aliyegeuka.

Lakini wewe ungeona. Ni wewe uliyetuambia Baba alianguka kutoka kwenye mpera akiwa mtoto, akavunjika mtulinga, huu mfupa wa juu ya kifua, wa kushoto, ukaunga vibaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiupapasa akinipakata, una kifundo. Umesomea hayo. Hakuna mwingine Uganda nzima anayeweza kuutambua mfupa ule, na kabla ya Krismasi wataufukia.

Nakupenda, Baba Mkubwa, lakini kwa hili sikuombi tena. Nakuambia uje.

Nafuna


Bwaise
11 Agosti 1987

Baba Mkubwa mpendwa,

Sisi wazima, natumaini nawe pia. Posta wanasema barua za Kenya zinapita. Mwalimu mmoja wa shule yako alipita hapa Kampala, akasema yuko mzima Daktari, anafundisha, anafukuza nyani. Kwa hiyo barua yangu umeipata.

Mtoto anatambaa. Juzi aliifikia sahani ya Baba kabla Mama hajaipandisha kabatini, akatia mkono wote. Mama alimnyang'anya, hakumgombeza, akaitupa ile mboga akapika nyingine upya.

Sina zaidi.

Nafuna


Webuye
6 Septemba 1987

Nafuna, mama yangu,

Habari za hapa leo ni fupi: niko mzima, mahindi tumevuna, na nimemwandikia mwalimu mkuu barua ya kuacha kazi.

Barua yako ya Mei niliipata Juni. Nilianza kuijibu mara kadhaa, na kila mara nilijikuta nakuandikia habari za mvua.

Nitakuambia. Watu hudhani mtu wa kazi yangu ameizoea mifupa. Ni kweli, nimeizoea. Nimeifuta vumbi kwa brashi, nimeilaza kwenye pamba, nimekunywa chai nikiwa nimeiweka mbele yangu. Lakini mifupa yote niliyoishika maishani mwangu ilikuwa ya watu ambao hakuna aliyekuwa akiwawekea chakula. Huyu ni mdogo wangu Makokha. Nilimfundisha kuogelea. Ninachoogopa ni kumpata, nimshike mkononi, nianze kumpima kama ninavyowapima wengine, kwa sababu mikono yangu haijui kufanya lingine.

Na kama sitampata, naogopa macho ya mama yako.

Basi nakuja. Waambie wa makumbusho nimekubali, kwa sharti moja, wanipe ruhusa ya kwenda Wobulenzi kabla ya mazishi. Ndege waliojenga katika ile ngoma wasiwatoe mpaka makinda yaruke.

Usimwambie mama yako kuhusu Wobulenzi. Nitamwambia mwenyewe.

Dawudi


Bwaise
4 Desemba 1987

Baba Mkubwa,

Nampa dereva wa lori la kahawa barua hii, ameapa ataiweka mkononi mwako huko Wobulenzi.

Nyumba imepoa tangu uondoke. Wiki zile chache ulizokuwa Mengo, ukija hapa kila Jumapili, Mama alikuwa akivaa gomesi yake ya kanisani kuanzia asubuhi. Sasa anauliza kila siku, "Dawudi amesema nini?" Ulifanya vizuri kumwambia mwenyewe. Hakulia mbele yako, na hakulia ulipoondoka. Alisema tu, "Aende akaangalie. Dawudi hasemi kitu asichokijua." Halafu akajaza sahani kama kawaida.

Nilitaka kuja nikuletee chakula huko, lakini mtoto ameshikwa na surua. Amejaa vipele, macho mekundu, anakohoa. Namwogesha, namkanda, nampa uji kwa kijiko, anautema. Nesi anasema atapona, nimpe tu maji mengi nisimfunike sana. Nimechoka hata sijui kama leo ni Ijumaa. Akilia najaribu kumwita nimtulize, Baba Mkubwa, na sina la kumwita. Nasema "wewe, wewe" kama namwita mtu wa barabarani.

Kula. Usiwe unakunywa chai tupu.

Nafuna


Wobulenzi
18 Desemba 1987

Mama yangu Nafuna,

Dereva wako ni mtu wa ahadi, alikataa kumpa barua mwingine yeyote mpaka aonyeshwe kitambulisho changu. Natumaini homa ya mtoto imeshuka. Mimi mzima. Nakula, kina mama wa hapa hawanipi nafasi ya kukataa matooke.

Tumepanga meza ndani ya ghala la zamani la kahawa. Kazi yangu ni kutenganisha, huyu mwanamke, huyu kijana, huyu mzee, nikimwambia karani wa kamati. Mitulinga ya kushoto nimeiangalia yote mmoja mmoja. Wiki iliyopita nilikuta mmoja uliovunjika zamani ukaunga vibaya. Nilikaa chini nao. Kwa muda mrefu nilitaka uwe wake, Nafuna, nilitaka kama mtoto anavyotaka kitu dukani. Lakini ulikuwa mwembamba, wa mwanamke, na kifundo hakikuwa mahali pake. Nikaurudisha kwa mwenyewe.

Baba yako sikumpata. Leo nimemaliza meza ya mwisho, na kesho kutwa wanazika.

Jana alikuja mama mmoja mtu mzima na kitambaa cha gome, kile wanachozikia watu wa hapa. Alitembea mezani mpaka akasimama mbele ya fuvu moja, akaniuliza, "Ssebo, bwana, huyu anaweza kuwa mwanangu?"

Nikamjibu nilivyojibu maisha yangu yote. "Sijui, mama. Hakuna alama ya kunionyesha."

"Na anaweza asiwe?"

"Anaweza asiwe."

"Kale, haya," akasema. "Na wewe hujui, na mimi sijui. Basi huyu nitamchukua awe wangu, na aliyemchukua wangu naye amfanye wake." Akalifunika kwa kile kitambaa, akakikunja pembe vizuri kama anayemfunika mtoto aliyelala, akaniaga.

Sikuweza kuendelea na kazi siku ile.

Nimetunza neno langu kwa bei kubwa, na sijutii. Yule mkubwa hakuwa akilitafutia fuvu jina, alikuwa akijitafutia yeye babu. Nikirudi Mengo kibao kile kitabaki kama kilivyo. Lakini wewe hujaniuliza habari ya fuvu. Umeniuliza mtoto wako aitwe nani, nami nimekujibu kama mkurugenzi.

Basi sasa nakujibu kama mkubwa wa nyumba yetu. Mdogo wangu Makokha amekufa. Sina mfupa, sina shahidi, sina tarehe. Nasema hivyo kwa sababu kama angekuwa na miguu ya kutembea, asingemwacha mama yako Nabangala ale chakula kilichopoa miaka yote hii. Yeye angekuwa amekuja hata kwa kutambaa, tena anapiga kelele toka barabarani kwamba chumvi haitoshi.

Mtoto aitwe Makokha. Nimelitamka kwa sauti hapa ghalani, mbele ya hawa wote, wao ndio mashahidi wangu.

Mwambie mama yako yote. Usimwambie nimempata. Akinikasirikia, nastahili, nitakuja akasirike nikiwapo.

Dawudi


Bwaise
3 Januari 1988

Baba Mkubwa,

Kwanza mtoto: amepona. Vipele vimekauka, ngozi inambanduka kama kiazi kilichochemshwa, na njaa aliyo nayo sasa ni ya kutisha.

Barua yako ilifika tukiwa bado tunakesha naye, kwa hiyo sikuthubutu kuifungua. Niliisoma jana. Mama alikuwa anachambua maharage, mtoto amekaa pajani kwake. Nikamsomea yote, na ule mfupa wa mwanamke, na yule mama wa kitambaa, sikuruka hata mahali pa chumvi. Nilipofika kwenye jina, nililisoma, nikalirudia.

Mama aliendelea kuchambua. Nikadhani hakusikia. Kisha akauliza, "Amesema hakumpata?"

"Hakumpata, Mama."

"Lakini amesema."

"Amesema."

Akatupa jiwe alilolikuta kwenye maharage, akasema, "Dawudi alimkatalia mtu mwenye bunduki kuandika asichokijua. Leo amekisema." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye vumbi la maharage. "Basi naye amechoka kumngoja. Nilidhani niko peke yangu."

Akarudia maharage yake mpaka yakaisha. Jioni Ondiek alikuwapo, ilikuwa siku yake ya mapumziko, na Perpétue alikuwa ameleta samaki. Mama akapakua kama kawaida. Akajaza sahani ya Baba, ile ya bati yenye maua ya buluu. Sote tukawa tunaangalia chini. Akachukua na ile ya kufunikia, akaishika kidogo, akairudisha kwenye rundo la vyombo.

Akaketi mkekani, akamvuta mtoto mbele yake. Akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi, akaupuliza kwanza kwa sababu ulikuwa wa moto.

"Makokha," akamwambia, "fungua mdomo."

Njoo Jumapili. Tunakuwekea chakula.

Mwanao,
Nafuna, Mama Makokha